Kiangazi kimeshaisha hata kama kalenda inasema bado. Wewe unaona dalili gani kwanza?

#1 MwanaPangani (Saint Paul, Minnesota)

Wakuu, salaam.

Nadai hivi: kiangazi cha huku hakiishi Septemba 22 kama kalenda inavyosema. Kinaanza kuondoka katikati ya Agosti, na anayetazama vizuri anakiona kinavyoondoka. Leo joto ni nyuzi 29 na watoto bado wanaogelea ziwani, lakini mti wa maple wa pale kona umeshatoa tawi jekundu. Tawi moja tu, mti wote uliobaki ni kijani kibichi. Natoka zamu ya usiku nakuta umande umelowesha kioo cha gari, jambo ambalo mwezi wa saba halikuwepo. Nyenje wanalia hadi kunakucha. Na jua ndiyo usiseme: Juni lilikuwa linazama saa tatu usiku, sasa hivi haijafika saa mbili limeshatokomea.

Mlioko nchi za baridi, nyie mnaona nini kwanza? Na swali linaloniumiza kichwa zaidi: miti inajuaje? Baridi yenyewe haijafika. Nani kaiambia?

#2 KukuKienyeji (Brooklyn Park, Minnesota)

Jirani! Mimi miti siangaliangi. Kiangazi huisha maonyesho ya jimbo yakifungwa, ile Jumatatu ya kwanza ya Septemba, Sikukuu ya Wafanyakazi. Kesho yake mabasi ya manjano ya shule yamejaa barabarani na kila mkahawa unanukia mdalasini na maboga. Hiyo ndiyo dalili, bana. Tawi moja si dalili, ni tawi.

#3 BintiTanga (Uppsala, Uswidi)

Asante kwa uzi, kaka MwanaPangani. Huku Uswidi kalenda haiulizwi. Taasisi ya hali ya hewa, SMHI, ina kanuni yake: wastani wa joto la siku ukikaa chini ya nyuzi 10 siku tano mfululizo, basi majira ya majani kupukutika yameingia tangu ile siku ya kwanza, mradi tu tumeshavuka Agosti 1. Kwa kanuni hiyo milima ya kaskazini inaweza kuingia majira mapya Agosti hiihii, na watu wa Skåne kule kusini wakangoja hadi Oktoba. Nchi moja, majira mawili kwa wakati mmoja.

Dalili yangu mimi ni mti wanaouita rönn. Agosti unajaa matunda madogo mekundu, vishada vizito hadi matawi yanainama. Wazee wa kazini kwetu wanasema yakiwa mengi sana, theluji itakuwa nyingi. Ukiwakatalia wanakasirika kweli.

#4 Dereva_Masafa (Ontario, Kanada)

MwanaPangani, huo mti wako unaumwa. Nimeendesha lori miaka mingi kwenye hizi barabara, na tawi moja kuwa jekundu Agosti ni mti unaolalamika: ama ukame, ama mizizi imekatwa, ama ile chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji imeingia ardhini. Mti mzima unaoujua wakati wake unageuka wote pamoja, kuanzia juu na pembeni. Ukitaka kuona majira yenyewe usitazame mti wa mtaani, tazama msitu.

#5 MwanaPangani

Dereva, mwaka jana walichimba bomba la maji upande uleule wenye tawi hilo, kwa hiyo hoja yako ina uzito. Lakini ugonjwa wa mti hauelezi umande, wala nyenje, wala bata bukini walioanza kupanga mistari juu ya ziwa.

#6 Chande_77

Mbona rahisi? Dunia inazunguka jua, kiangazi tunakuwa karibu nalo, halafu tunaanza kwenda mbali, joto linapungua. Miti inahisi hilo.

#7 BintiTanga

Hapana Chande. Dunia inakuwa mbali kabisa na jua mwanzoni mwa Julai, kama kilomita milioni 152, wakati huku watu wamevaa kaptula. Karibu kabisa ni mwanzoni mwa Januari, kama milioni 147, wakati sisi tunaparua barafu kwenye vioo vya magari. Ingekuwa ni umbali, dunia nzima ingepata baridi mwezi mmoja. Ni mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23 na ushei, ndiyo maana Njombe wanatetemeka Julai na mimi natetemeka Januari.

#8 Kangaruu_Mswahili (Melbourne, Australia)

Nathibitisha alichosema dada. Hapa ndiyo kwanza baridi inaanza kulegea. Miti yetu ya mikaratusi haipukutishi majani kwa msimu, aina nyingi huambua magome tu. Wenye majani mekundu huku ni miti iliyoletwa kutoka kwenu, na wao hubadilika Aprili. Wamebeba mwili wa kwao lakini wakafuata jua la huku.

#9 Mwalimu_wa_Miombo (Tabora)

Salaam kutoka Tabora. Nafundisha baiolojia sekondari. Theluji naijua kwa picha tu, ila swali la MwanaPangani ndilo wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka, kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha.

Mti wa huko kwanza haupimi baridi, unapima usiku. Ndani ya jani mna protini iitwayo fitokromu. Ikipigwa na mwanga mwekundu inabadilika umbo, gizani inarudi taratibu. Usiku ukirefuka, taarifa hiyo inafika mti mzima. Na huko kwenu usiku unarefuka kwa kasi. Saint Paul iko kwenye latitudo 45, mwisho wa Agosti siku inapoteza karibu dakika 3 kila kukicha. Kwa BintiTanga, karibu na latitudo 60, ni dakika 5 hivi. Mimi hapa niko nyuzi 5 kusini ya ikweta. Siku yetu ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote zinapishana kama nusu saa tu, ndiyo maana mtoto wa Tabora hajui habari ya jua kuzama saa tatu usiku.

Baada ya taarifa hiyo mti unaanza kuvunja klorofili, ile rangi ya kijani, na kunyonya naitrojeni na fosforasi kutoka kwenye jani kuzirudisha kwenye matawi na mizizi. Hautupi jani kabla ya kuchukua chake. Kijani kikitoka, njano iliyokuwemo muda wote inajitokeza. Wekundu ni jambo jingine kabisa: rangi hiyo, anthosayanini, haikuwemo, mti unaitengeneza wakati huohuo wa kuondoka, kwa gharama. Kisha chini ya kikonyo hujengeka tabaka la seli dhaifu, na kuanzia hapo upepo kidogo unatosha.

Sasa niwape cha kwetu. Kuanzia mwisho wa Agosti hadi Oktoba, kabla tone la mvua halijaanguka, miombo inachipua. Majani machanga yanatoka mekundu, mengine rangi ya shaba, msitu mzima unawaka. Mgeni akipita anadhani miti inakauka. Ni majani mapya hayo, na wekundu wake ni jamii ileile ya rangi mnayoiona kwenye maple. Mti mmoja unaivaa ukiaga, mwingine ukianza. Nani anieleze kwa nini?

#10 KukuKienyeji

Mwalimu umenifanya nitoke nje kuangalia miti na nilikuwa nimeapa siangalii.

#11 Dereva_Masafa

Heshima kwako Mwalimu, lakini hapo kuna tatizo. Urefu wa usiku wa Septemba 10 mwaka huu ni uleule wa mwaka jana na wa mwaka juzi. Ingekuwa ni usiku peke yake, rangi zingekuja tarehe ileile kila mwaka. Haziji. Nikipita karibu na msitu wa Algonquin, kuna mwaka naukuta umeiva kabla Septemba haijaisha, mwaka mwingine siku hizohizo bado ni kijani. Mwaka wa ukame unakuja mapema na rangi zake zimechakaa, mwaka wa usiku baridi na mchana wa jua wekundu unang'aa mpaka macho yanauma. Kwa hiyo baridi na maji vina sauti.

#12 Mwalimu_wa_Miombo

Ni kweli, usiku unafungua mlango, na hali ya hewa ndiyo inayoamua kasi ya kupita. Kuna utafiti wa mwaka 2023 wa Constantin Zohner na wenzake, ulitoka kwenye jarida la Science, waliangalia misitu ya ukanda wa kaskazini. Walikuta joto la kabla ya Juni 21, ile siku ndefu kuliko zote, linaharakisha majani kuzeeka, na joto la baada ya siku hiyo linachelewesha. Joto lilelile, kazi mbili zinazopingana, na mpaka ni siku ya jua kugeuka.

#13 MwanaPangani

Hapo Mwalimu umenikuna. Maana yake mwisho wa kiangazi unaanza kupangwa Juni, wakati sisi ndiyo kwanza tunatoa majiko ya kuchomea nyama uani. Nilisema Agosti, kumbe nilikuwa mpole.

#14 Said_Matrah (Maskati)

Assalaam aleikum jamaa zangu. Huku Omani hatuna jani la kuanguka, lakini mwisho wa joto tunao na tunaungoja kuliko nyinyi. Dalili yetu iko mbinguni. Mwisho wa Agosti, kabla ya alfajiri, inachomoza nyota ya Suheli upande wa kusini. Hiyo ni nyota ya pili kwa mng'ao usiku. Wazee wakiiona wanasema joto limevunjika mgongo. Mchana bado ni nyuzi 40, usije ukadanganyika ukatoka bila maji, lakini usiku unaanza kupumulika kidogo kidogo. Marehemu bibi yangu alizaliwa Unguja, akikaa barazani hapa Matrah akiitafuta kila mwaka, na akiiona hutuamsha sote.

Kule Salala, kusini mwa Omani, mambo ni mengine. Upepo uleule wa kusi unaopita kwenu mwambao, ukishavuka ikweta unapinda na kwenda kuigonga milima ya Dhofar. Juni hadi Septemba ni manyunyu, ukungu na majani mabichi. Wao wakimaliza, majani yanakauka. Kwa hiyo Septemba yao nayo ni mwisho wa kijani, ila sababu ni upepo.

#15 BintiTanga

Wa aleikum salaam kaka Said. Suheli huku hatuioni kabisa, na MwanaPangani pia haioni, iko kusini mno, ukishapita latitudo 37 hivi kaskazini haichomozi. Nyumbani Tanga tuliiona vizuri.

#16 NdegeMtini (Arusha)

Nimesoma kurasa zote hizi na hakuna aliyewataja wasafiri wenyewe! Mnachokiona kinaondoka huko, mimi nakipokea huku. Mbayuwayu wanaojipanga kwenye nyaya za umeme Ulaya mwanzo wa Septemba, wa kwanza wanaanza kuonekana huku kwetu mwezi huohuo, na Oktoba wamejaa. Korongo weupe wanaondoka Ujerumani na Polandi katikati ya Agosti, wanapita juu ya mlango-bahari wa Bosphorus kule Uturuki, wanafuata Nile, na mashamba yakipata viwavijeshi au panzi wanatua kwa mamia. Mkulima wa Hanang anawafurahia kuliko dawa.

Na teleka, yule mwenye mabawa kama mundu ambaye karibu maisha yake yote yako hewani, anaondoka Uingereza mwanzo wa Agosti. Joto tele, wadudu tele, siku bado ndefu, yeye anaaga. Wengi wao wanakwenda kukaa bonde la Kongo. Sasa niambieni, huyo kakimbia nini?

#17 Pwani_Rostock (Ujerumani)

NdegeMtini umenigusa pangu. Hapa Rostock kwenye mkusanyiko wa wanyama wa chuo kikuu yupo korongo aliyekaushwa, alipigwa risasi karibu na kijiji cha Klütz mwaka 1822. Shingoni ana mkuki wa mbao wa Kiafrika uliompitia upande hadi upande. Alichomwa Afrika, akaruka nao hadi huku. Kabla ya hapo wasomi wengi wa Ulaya walikuwa wanabishana ndege wanakwenda wapi. Wengine waliandika kwamba mbayuwayu hujizika kwenye tope chini ya maziwa mpaka joto lirudi. Mkuki mmoja ulimaliza sehemu kubwa ya ubishi. Nilipomwona mara ya kwanza nilisimama pale muda mrefu, nikimfikiria huyo mwindaji ambaye jina lake hatutalijua kamwe, na shabaha yake ilikuwa karibu timilifu.

#18 MamaZawadi (Portland, Maine)

Jambo wandugu. Mimi ni wa Bukavu, tuko wengi huku Maine. NdegeMtini, kumbe wale ndege wa kwetu wanatoka Ulaya! Siye tulikuwa tunasema ni wa kwetu, wanaenda kutembea Ulaya na wanarudi nyumbani.

Mimi dalili yangu iko kwenye matufaha, maana nachuma kwenye shamba kila Septemba. Matufaha yanakuwa makubwa Agosti lakini rangi inakawia. Mpaka usiku upate baridi. Zikipita siku chache za usiku baridi na mchana wa jua, asubuhi unakuta shamba limebadilika. Bwana shamba anatembea anagusa ngozi ya tunda, hasemi kitu, sisi tunajua kesho tunaanza mapema. Kwa tunda, Dereva ana haki: bila baridi hakuna nyekundu nzuri.

#19 NdegeMtini

MamaZawadi, nakubaliana nawe kabisa, wanazaa huko lakini sehemu kubwa ya mwaka wako safarini na kwetu.

Halafu nijibu swali langu mwenyewe nusu. Mjerumani Eberhard Gwinner aliwafuga ndege wadogo wahamaji kwenye vyumba ambavyo mwanga ulikuwa saa 12 na giza saa 12 mwaka mzima. Hakuna siku kufupika, hakuna baridi, chakula kipo. Majira ya safari yalipofika walianza kuhangaika usiku, wakirukaruka kwenye vijiti vya kutulia kana kwamba wanataka kuondoka. Saa wanayo ndani ya mwili. Mwanga wa nje unairekebisha tu isipotee.

#20 Dereva_Masafa

Saa ya ndani kwa ndege naikubali. Kwa mti sijasadiki.

#21 Mwalimu_wa_Miombo

Na mimi kwa mti sina hakika ya kukuwekea dau. Lakini tazama miombo: hapa urefu wa siku haubadiliki sana, mvua haijaja, na bado inachipua majira yaleyale. Wengine wanasema ni joto la Septemba, wengine wanasema mizizi inagusa maji ya chini, wengine wanasema hata hiyo nusu saa inatosha. Wataalamu hawajakaa meza moja wakakubaliana. Wafuga nyuki wa Sikonge wao hawangoji mkutano, wakiona wekundu wanapandisha mizinga.

#22 Kipepeo_Mweusi

Samahani kuingilia. Kuna mtu mwingine anapiga chafya usiku na mchana tangu Agosti 15 hivi? Niko Ohio. Mimi dalili yangu ni pua. Kando ya barabara yamejaa maua ya njano marefu, nikiyaona tu macho yanawasha.

#23 KukuKienyeji

Hayo maua yanasingiziwa, msee. Nilikuwa nayalaumu mpaka daktari akanipima. Yale ya njano, solidago, chavua yake ni nzito, hubebwa na nyuki, haipeperuki ikufuate mpaka kitandani. Mkosaji ni gugu jingine linalochanua wakati huohuo karibu yake, ambrosia, maua yake ni ya kijani hata huyaoni, na chavua yake huenda na upepo mbali sana. Likipigwa na barafu ya kwanza, pua inafunguka. Mimi ndiye mtu pekee Brooklyn Park anayeombea barafu.

#24 Kipepeo_Mweusi

Asante sana. Naenda kupimwa.

#25 Fundi_Paa (Ubelgiji)

Na nyigu! Juni na Julai nakula chakula changu juu ya paa hakuna anayenisumbua. Mwisho wa Agosti siwezi kufungua chupa ya soda. Bosi wangu anasema wanakuwa wakali kwa sababu wanajua watakufa.

#26 NdegeMtini

Fundi, sababu ni njaa ya sukari. Kiangazi chote nyigu wafanyakazi wanawinda wadudu kulisha majana kiotani, na majana yakilishwa yanawatolea majimaji matamu, ndiyo ujira wao. Mwisho wa kiangazi malkia ameacha kutaga, majana yamekwisha, ujira umekatika. Wanakuja kuutafuta kwenye soda yako. Weka kikombe cha maji ya sukari mbali kidogo na unapokula, utapata nafuu.

#27 Nesi_wa_Leicester (Uingereza)

Niongeze upande wa binadamu, maana dalili nyingine ziko mwilini mwetu na watu wetu hawazisemi. Kila Septemba napokea simu za dada na kaka zetu: usingizi haushibi, hamu ya kazi imekwisha, wanataka wanga tu. Wengine wanadhani wamerogwa. Jamani, mwanga unapungua na mwili unahisi. Aliyeieleza hali hii kitabibu mwaka 1984, Norman Rosenthal, alitoka Afrika Kusini kwenda Marekani, na alianza kwa kuona mabadiliko hayo kwake mwenyewe. Mtoto wa jua kama sisi. Toka nje asubuhi, hata kama kuna mawingu, mwanga wa nje unazidi taa ya ndani mara nyingi.

Na vitamini D msipuuze. Huduma ya afya ya hapa inashauri maikrogramu 10 kwa siku kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Machi, na wenye ngozi nyeusi kama sisi tunashauriwa kufikiria kumeza mwaka mzima, kwa sababu ngozi yetu inahitaji jua zaidi kuitengeneza. Hali ikizidi, ona daktari, usikae nayo chumbani.

#28 MwanaPangani

Dada Nesi, ubarikiwe. Wa zamu za usiku tunaumia zaidi, kuna miezi hatulioni jua kabisa.

#29 Ngarawa_ya_Babu (Unguja)

Na sisi wa mwambao msitusahau. Sasa hivi kusi limeanza kulegea, demani hiyo inaingia. Bahari inatulia, maji yanakuwa safi, wavuvi wanarudi kwenye miamba waliyoikimbia miezi ya upepo. Baadaye zitakuja siku ambazo upepo haujui uende wapi, halafu kaskazi. Baba yangu haangalii kalenda, anatazama povu la wimbi kwenye mwamba na harufu ya mwani ufukweni. MwanaPangani wewe ni mtoto wa bahari, umeshasahau?

#30 MwanaPangani

Sijasahau, kaka. Ndiyo maana naitafuta dalili huku. Nilizoea kujua mwezi kwa upepo. Huku upepo hauniambii kitu, ikabidi nijifunze miti.

#31 BintiTanga

Narudi kwa wale wazee wangu wa rönn. Nimesoma: vichipukizi vya maua ya mwaka huu vilijengwa kiangazi cha mwaka jana. Wingi wa matunda unaeleza mambo yaliyopita, theluji ijayo haimo. Nimewaambia. Mmoja kanijibu kwamba mama yake hakukosea hata mara moja. Nimenyamaza.

Ila Mwalimu, swali lako la wekundu hakuna aliyelijibu. Kwa nini mti utengeneze rangi ya gharama wakati unalitupa jani?

#32 Pwani_Rostock

Zipo hoja mbili kubwa ninazozijua. Ya kwanza: rangi ni mwavuli. Jani likivunjwa haliwezi kutumia mwanga wote, mwanga ukizidi unaliunguza kabla mti haujamaliza kutoa naitrojeni. Anthosayanini inakinga mpaka kazi iishe. Ya pili ni ya William Hamilton, mwanabiolojia Mwingereza, iliyochapishwa na mwenzake Sam Brown mwaka 2001: wekundu ni onyo kwa vidukari, kwamba mti huu una nguvu, usije kutaga mayai hapa. Hamilton hakuiona ikichapishwa, alifariki Machi 2000 baada ya kuugua akitoka safari ya utafiti Kongo.

Na kuna fumbo jingine: Marekani na Asia ya Mashariki nyekundu ni nyingi, Ulaya karibu kote ni njano. Watafiti Lev-Yadun na Holopainen mwaka 2009 walisema ni habari ya enzi za barafu: milima ya Marekani inakwenda kaskazini na kusini, miti na wadudu wake wakahama pamoja wakarudi pamoja, vita vikaendelea. Ulaya milima ya Alps imelala mashariki na magharibi, ikawazuia, wadudu wengi wakafa na miti yao.

#33 Mwalimu_wa_Miombo

Hoja ya mwavuli inaeleza miombo yangu vizuri: jani changa halijakomaa, jua la Septemba ni kali, linahitaji kinga. Lakini hoja ya onyo nayo inafaa, kwa sababu jani changa ndilo viwavi wanalipenda. Zote mbili zinaingia! Ndiyo maana silali.

#34 Dereva_Masafa

Kwa mara ya kwanza nimeona hoja ya mwanga inayonishawishi, na nimeiona mwenyewe. Mti unaokaa chini ya taa ya barabarani, matawi yaliyo karibu na taa hubaki kijani wakati mengine yameshakauka. Niliona hivyo kwenye kituo cha malori Sudbury. Na nasikia New York waliliandika jambo hilo tangu 1936.

#35 Fundi_Paa

Hiyo taa si imepachikwa kwenye jengo? Jengo lina joto, lami ina joto, na kuta zinazuia upepo. Mimi nafanya kazi juu ya mapaa, najua joto linalopanda pale. Utajuaje ni mwanga na si joto la ukuta?

#36 Dereva_Masafa

Taa ilikuwa kwenye nguzo, Fundi. Lakini jengo halikuwa mbali, hilo nakupa.

#37 Mwalimu_wa_Miombo

Basi tafuteni mti wenye nguzo ya taa upande mmoja, mbali na jengo lolote, na mwingine wa aina hiyohiyo usio na taa. Matawi ya upande wa taa yakichelewa na ya upande wa pili yasichelewe, hoja ya joto itapata shida. Nitawapa wanafunzi wangu picha wazijadili.

#38 KukuKienyeji

Upo kwenye maegesho ya kanisa letu. Maple mbili, moja iko chini ya nguzo, nyingine iko mwisho wa uwanja gizani, na jengo liko mbali kabisa. Ila ile ya gizani iko karibu na bwawa, msije mkasema ni maji.

#39 Fundi_Paa

Nitasema ni maji.

#40 MwanaPangani

Kuku, Jumapili nakuja na kamera. Tupige picha kila wiki mpaka Oktoba iishe, Mwalimu nitakutumia zote. Na Fundi, leta njia ya kupima maji ya udongo.